Barua Isiyokuwa na Mgonjwa Ndani

Tulikuwa tumepita Kabuku basi liliposimama porini na kondakta akatangaza kuchimba dawa. Abiria wakamwagika nje, wanaume upande huu, wanawake upande ule nyuma ya vichaka. Baba hakushuka. Alibaki dirishani, kanzu imemfunika mpaka vifundoni, na chini ya kanzu, kwenye paja la kulia, mfuko wa mkojo umefungwa kwa kipande cha kitenge cha Mama. Dada aliyekaa nyuma yetu akamwambia, "Babu, shuka unyooshe miguu." Baba akajibu kwa upole, "Mimi nimeshamaliza, mjukuu wangu," akageuza uso akatazama katani.

Ilikuwa katikati ya Februari 2024. Mwishoni mwa Januari mkojo ulimfunga usiku wa manane, akapakiwa bodaboda hadi hospitali ya wilaya, wakamwekea mpira wa kutolea mkojo. Tezi dume, wakasema. Wakajaribu kuutoa mpira mara mbili, mara zote mbili mkojo ukagoma na tumbo likajaa kama ngoma. Basi wakamwandikia rufaa ya kuja Dar es Salaam kumwona bingwa wa mfumo wa mkojo. Baba ni mwalimu mstaafu, ana bima ya taifa, na bima haikupokei hospitali ya juu kama huna karatasi ya rufaa kutoka chini. Karatasi tulikuwa nayo. Mimi nikadhani kazi imeisha.

Hospitali yenyewe sitaitaja, kwa sababu niliyoyaona pale ningeyaona kwingine kokote penye bingwa wachache na wagonjwa wa nusu ya nchi. Tulifika saa kumi na moja alfajiri, mlinzi ana karatasi ya majina, Baba akawa wa 43. Saa nne kasoro tukafika dirishani. Kijana wa mapokezi akachukua barua, akaisoma kwa muda wa kumeza mate, akapiga kompyuta, akatuandikia kwenye kadi: Alhamisi, 20 Juni.

Baba alihesabu kwa vidole. Mpira wake ulikuwa wa kubadilishwa kila baada ya wiki tatu. "Mara sita," akasema. Hakusema kingine mpaka tulipofika nyumbani Tabata.

Siku mbili zilizofuata nilifanya ujinga ambao najua nusu ya wanaosoma hapa wameshaufanya. Kuna bwana mmoja alikuwa anazungukazunguka nje ya geti, amevaa shati jeupe, mkononi ana bahasha ya picha za eksirei isiyokuwa ya mtu. Akaniambia tarehe zinasogezwa, yeye ana mtu wa ndani, "unampa ya soda tu." Ya soda ikawa shilingi elfu hamsini. Nilimpa tukiwa tumesimama chini ya bango la TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, lenye namba 113 ya kupiga bure. Alichukua na nakala ya kadi ya Baba, akaniambia nimsubiri pale pale. Nilisubiri mpaka adhuhuri. Simu yake mpaka leo haipatikani.

Sikumwambia Baba. Aliyemwambia ni mke wangu, jioni, wakati wa kula. Baba akaendelea kumega ugali, kisha akaniuliza kwa sauti ile ya ubao na chaki, "Huyo bwana aliisoma barua yangu?" Nikasema hapana, hakuiuliza hata. "Basi angesogeza nini?"

Nilijaribu pia njia ya halali ya mwenye haraka. Hospitali nyingi kubwa za umma zina kliniki ya kulipia ya mchana na jioni, daktari ni yule yule wa asubuhi. Nikaenda kuulizia. Muuguzi wa pale, mkweli sana, akaniambia, "Kaka, daktari utamwona kesho ukitaka. Lakini kama mzee ni wa kupasuliwa, thieta ni ile ile na foleni ni ile ile. Na kama hana vipimo, utalipa leo uambiwe kalete vipimo, halafu ulipe tena." Nikapiga mahesabu, nikaona nitakuwa nimenunua dakika kumi za mazungumzo. Kwa mwenye shida ya kutaka tu kujua ana nini, huenda inalipa. Sisi tulishajua Baba ana nini.

Aliyetufungua macho hakuwa mtu wa hospitali kubwa kabisa. Siku ya kubadilisha mpira tulienda kituo cha afya cha jirani, maana kazi hiyo haihitaji bingwa. Baba alikuwa na homa na mkojo ulikuwa na mawingu. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akaomba kuona karatasi zetu zote. Akaisoma rufaa. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Ilikuwa mstari mmoja wa Kiingereza: mzee wa miaka 71, tezi dume imekua, aonwe na bingwa.

"Hii barua haina mgonjwa ndani yake," akasema.

Nikamwambia, "Mgonjwa si huyu hapa?"

"Huyu namwona mimi. Anayepanga tarehe hamwoni. Yeye anapanga karatasi." Akaanza kuniuliza, huku anavaa glavu. Ana mpira tangu lini? Umeshajaribiwa kutolewa mara ngapi? Homa hii ni ya ngapi? Figo zimepimwa? Utrasaundi ilisema tezi ina ukubwa gani, na figo zimevimba au hazijavimba? Kila swali nilikuwa na jibu au nusu ya jibu, na hakuna hata moja lililokuwa kwenye barua. Akaniambia kwamba mzee anayeamka usiku mara nne kwenda chooni anaweza kungoja Juni, anachukia lakini anangoja. Mzee mwenye mpira mwezi mzima, aliyeshindwa kukojoa mara mbili ulipotolewa, ana homa za kujirudia na mkojo unarudi nyuma kwenye figo, huyo hangoji Juni. "Kwa barua hii, baba yako amewekwa kundi la kwanza. Rudini mkaandikiwe upya."

Nilikasirika njia nzima. Nilipanga maneno ya kumwambia yule daktari wa wilayani. Nilipomkuta, kijana wa umri wa mdogo wangu, macho mekundu, maneno yakanitoka kinywani yakiwa mengine. Nikamwamkia, nikamweleza tulivyoambiwa, nikamwomba. Akatafuta faili, akalifungua, akanyamaza kidogo. Siku aliyoandika ile rufaa alikuwa zamu peke yake na kuna mjamzito alikuwa anasubiriwa thieta. Hakujitetea zaidi ya hapo. Alimtuma Baba maabara, akaagiza utrasaundi nyingine, akatuambia turudi kesho yake.

Kesho yake akaandika ukurasa mzima. Nilikaa mbele yake nikimwangalia anavyoandika, na niwaambie, sijawahi kuona mwandiko mzuri kama ule. Tezi mililita 94, wakati ya kawaida haizidi thelathini hivi. Figo zote mbili zimeanza kutanuka. Kreatini, kile kipimo cha damu cha figo, 187 (maabara yao huanza kuhesabu tatizo kwenye mia moja na kidogo). Tarehe ya mpira wa kwanza, tarehe za majaribio mawili, tarehe za homa mbili na dawa alizopewa. Presha anayo, kisukari hana. Mwisho akaandika kwa herufi kubwa kwamba anaomba mgonjwa aonwe mapema kwa sababu ya figo, akaweka muhuri na namba yake ya simu. Hiyo namba ya simu niliiona kama pambo. Kumbe ndiyo iliyokuja kupigwa.

Kulikuwa na jambo moja alilokataa kuliandika jinsi nilivyotaka. Mwanzoni kabisa, Baba alipokuwa na homa, mtu wa maabara binafsi alimpima kile kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, kikatoka juu sana. Nilitaka kiandikwe kwa wino mwekundu. Nilifikiri neno saratani litafungua milango yote. Daktari akakataa: maambukizi yenyewe hupandisha hicho kipimo, na mpira nao unachangia. Akaandika namba, na pembeni akaandika kwamba ilipimwa wakati wa maambukizi, irudiwe baada ya wiki sita. Nilinung'unika. Baadaye nilikuja kumsikia bingwa akiguna kwa kuridhika alipofika kwenye mstari huo, na nikaelewa kwamba barua inayosema kweli kwenye dogo inaaminiwa kwenye kubwa.

Safari hii sikwenda dirishani alfajiri. Yule mama wa kituo cha afya alishanielekeza: nenda siku isiyo ya kliniki, baada ya saa nane mchana, watu wamepungua, muulizie muuguzi kiongozi wa kliniki ya mkojo, si mtu wa mapokezi. Mtu wa mapokezi hana mamlaka ya kusogeza kitu, ukimgombeza unagombeza ukuta. Ilikuwa siku ya tatu ya Ramadhani, korido imetulia, feni inazunguka kwa uvivu. Nikamwamkia, nikampa barua mpya na majibu ya vipimo yamebanwa kwa mpangilio wa tarehe, nikamwambia maneno mawili tu: kwamba hali ya mzee imebadilika tangu apewe tarehe, na naomba daktari atazame kama tarehe inafaa, na kwamba tunakaa Tabata, mtu asipokuja siku yoyote tunaweza kufika ndani ya saa moja.

Hakuahidi kitu. Akaingia na barua chumba cha ndani. Alipotoka, pembeni ya karatasi kulikuwa na maandishi ya penseli ambayo sikuweza kuyasoma, na tarehe mpya: 2 Mei. Wiki saba kamili zimekatwa bila senti tano. Akaandika jina la Baba kwenye daftari jingine, la kaunta, lenye jalada limefungwa kwa plasta ya hospitali. Ndilo la kuitwa wakitokea watoro.

Hapo ndipo nilipojiharibia tena mwenyewe. Siku ya kwanza ya usajili, Baba aliulizwa namba ya simu akataja namba yake. Ni namba yake kweli, ila laini imo kwenye simu ya kitochi ambayo aliiacha kijijini kwa kaka yangu, na kaka yangu huichaji akikumbuka. Sikukagua. Nilipopita tarehe 4 Aprili kusalimia na kuulizia, muuguzi akafungua daftari. "Nyie tuliwapigia wiki iliyopita. Mara mbili." Nilihisi miguu inaniishia. Akanionesha namba. Akaifuta, akaandika yangu na ya mke wangu, na mimi nikamwomba anisomee zote mbili kwa sauti. Tangu siku hiyo nilikuwa nalala na simu kifuani kama mtu anayesubiri posa.

Jumatatu, tarehe 8 Aprili, siku mbili kabla ya Idi. Mvua za mwaka ule mnazikumbuka. Saa mbili na robo asubuhi simu ikaita: "Mzee wenu yupo? Mnaweza kufika?" Wagonjwa wa mikoani wengi hawakutokea. Wengine barabara zimewazuia, wengine wameona heri wale Idi nyumbani. Tulipanda bajaji, maji yanaingia pande zote, Baba amekumbatia mfuko wa plastiki wenye karatasi zake huku yeye mwenyewe analowa. Mke wangu alikuwa ameuweka mlangoni tangu Alhamisi ile. Ndani: rufaa, vipimo, kadi ya bima, kitambulisho, orodha ya dawa, na mpira mpya wa akiba.

Kwenye benchi tulikaa na mzee mmoja wa kutoka Mafia. Yeye alingoja tarehe yake tangu Desemba. Akaingia mbele yetu, akatoka baada ya dakika nne na karatasi ya kwenda kufanya utrasaundi, kipimo cha figo na kuotesha mkojo kutafuta vijidudu, na tarehe ya kurudi. Miezi minne, boti, lodge, dakika nne. Vipimo vyote vile angeweza kuwa navyo mkononi siku hiyo kama mtu angemwambia. Hakuna aliyemwambia, naye hakujua kwamba ni wa kuuliza. Aliniuliza kama najua gesti ya bei nafuu karibu na pale.

Sisi tulikaa ndani kama dakika ishirini. Bingwa alisoma barua yote, kitu ambacho sikutegemea, kisha akachukua simu yake akampigia yule daktari wa wilayani papo hapo kuuliza antibaiotiki ipi alitumia homa ya pili. Wakaongea kama watu wanaofahamiana, ilhali hawafahamiani. Akamweleza Baba kwamba kwa ukubwa ule wa tezi hawezi kupita na kifaa njia ya mkojo, atafungua tumbo kwa chini. Baba akauliza swali moja: "Baada ya hapo huu mpira unaondoka?" Akaambiwa unaondoka. Baba akasema, "Fungua."

Tulipewa 23 Mei, kama mkojo utakuwa msafi na damu ipo. Hilo la damu wengi hulisikia siku ya kulazwa. Operesheni ya namna ile huweza kumwaga damu nyingi, na ndugu huombwa wachangie ili benki ya damu isikauke. Nimeona pale wodini mgonjwa akirudishwa kitandani asubuhi ya upasuaji, ameshafunga tangu usiku, kwa sababu ya damu. Mimi, shemeji yangu na kijana wa dukani tulichangia wiki mbili kabla, tukashika vikaratasi vyetu kama tiketi. Na kipimo cha PSA kiliporudiwa, kilikuwa kimeshuka mno. Nyama ya tezi ilipokwenda kuchunguzwa baada ya upasuaji, haikuwa na saratani.

Mei hiyo hiyo, tukiwa tunahangaika na damu, nikasikia redioni kwamba madaktari bingwa wa Rais Samia wameanza kuzunguka halmashauri, wanakaa siku kadhaa kwenye hospitali za wilaya, na miongoni mwao wamo wa upasuaji. Siku hizi mtu wa kijijini akiniuliza habari za bingwa, namwambia kwanza aulize hospitali ya wilaya kambi inakuja lini. Bingwa wa upasuaji wa jumla aliyemshika mgonjwa kwa mikono yake akiandika barua, barua hiyo inatembea.

Kuna kitu kinanisumbua bado, na sitaki kujifanya hakipo. Baba hakuruka foleni ya mtu. Aliwekwa alipostahili kuwekwa tangu Februari. Lakini lile daftari la kaunta lilikuwa na majina mengi, na kwenye droo ya yule muuguzi kulikuwa na rundo la barua nene kama msahafu. Nina hakika ndani ya rundo lile kulikuwa na mtu mwenye figo mbaya kuliko za Baba, na barua yake ni mstari mmoja. Hakuwa na mtoto Tabata. Hakukutana na mama wa miwani ya kamba. Nilimwuliza yule muuguzi kiongozi siku moja, kwa nini wasirudishe barua za mstari mmoja zikaandikwe upya. Akaniangalia. "Tukizirudisha, kaka, atakayepanda basi na hiyo barua ni nani?"

Sikuwa na jibu.

Tulimrudisha Baba kwetu mwanzoni mwa Julai. Kidonda kimefunga, mpira umetoka, kanzu imefuliwa na kupigwa pasi na mke wangu kama ya harusi. Kile kipande cha kitenge Mama alikidai kirudi, sijui alikuwa na kazi nacho gani. Tulipofika mahali karibu na pale pale, basi likapunguza mwendo, kondakta akapiga bodi: kuchimba dawa, dakika tano! Baba akasimama kabla basi halijasimama. Nikamwambia taratibu, akaniambia nikae.

Abiria wote walirudi. Dereva akapiga honi mara moja, mara mbili. Kondakta akauliza nani amemwacha mzee wake. Nikachungulia dirishani nikamwona kule kwenye vichaka, amesimama wima, mgongo kwetu, ameinua uso anaangalia minazi ya mtu. Honi ikalia tena. Hakugeuka.